Rubabu yangu ina vikonyo vyembamba na inaoza katikati

Mama Rahma:
Assalamu alaykum. Ninaishi Leeds, Uingereza, na miaka miwili iliyopita nilipanda rubabu uani, ule mmea wa vikonyo vyekundu vichachu ambavyo wenyeji hupika kwa sukari. Ya jirani ina majani mapana kama ya magimbi, ilhali yangu hutoa vikonyo vyembamba kama penseli, na juzi nilipoibonyeza katikati niliona imelainika na kugeuka kahawia. Kila majira ya baridi huifunika samadi gubigubi isipigwe na jalidi, na nimeivuna tangu mwaka wa kwanza. Nimekosea wapi?

Bustani ya Uani:
Wa alaykum salaam, dada. Nionavyo, kosa kubwa ni huko kuifunika. Baridi si adui wa rubabu. Tunguu lake, yaani shina nene lililo ardhini, lisipoipata halipumziki ipasavyo, na majira ya kuchipua yakifika huchipua kwa unyonge. Samadi iliyorundikwa juu ya macho, yaani machipukizi ya tunguu, hushika unyevu, na hapo ndipo uozo huanzia, hasa penye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Majani yakishakauka, fukua tunguu, ukate kwa kisu kikali kila palipolainika mpaka ufikie nyama ngumu, kisha upande kipande chenye jicho zima mahali pengine, juu ya tuta, jicho likiwa karibu usawa wa ardhi. Samadi iliyooza vizuri izungushie pembeni. Ukikuta uozo umeenea tunguu zima, litupe na ununue jipya.

Babu Mkulima:
Ninaafiki, ila mavuno nayo yamechangia. Majirani zako wa Wakefield, Morley na Rothwell, wanaoikuza rubabu katika mabanda ya giza na kuivuna kwa mwanga wa mishumaa, kwanza huiacha shambani miaka miwili bila kuivuna, kwa sababu majani ndiyo yanayojaza akiba ya chakula ndani ya tunguu. Wewe, mwanangu, umeila akiba kabla haijawekwa. Mwaka wa kwanza usiiguse kabisa, wa pili chuma vichache tu, na baada ya hapo usizidishe nusu ya vikonyo kwa mara moja. Usikate kwa kisu, maana kisiki kinachobaki huoza. Shika kikonyo chini kabisa, ukizungushe kidogo huku ukikivuta, nacho kitachomoka chenyewe. Bua la maua likijitokeza, liondoe mapema.

Mama Rahma:
Ahsanteni sana, na shikamoo Babu. Mama mkwe anauliza kama majani yanaweza kupikwa kama mchicha, kwa kuwa anaona uchungu kuyatupa.

Babu Mkulima:
Marahaba. Mwambie hasha! Yana asidi ya oksaliki kwa wingi na ni sumu, wala kuyachemsha hakuyafanyi kuwa salama. Kinacholiwa ni kikonyo peke yake. Majani yapeleke kwenye lundo la mboji, hayataidhuru.