Tupeane uzoefu: pombe ya bei nafuu unayokunywa kwa nyumba, imekuendeaje?

MtuWaUmoja
Wasee leo tuongee ukweli. Tangu Januari niliacha kukaa klabu, nanunua bia nakunywa kwangu. Hesabu yangu ni rahisi, Tusker ya nusu lita pale nilipozoea ni 350, hiyo hiyo kwa supamaketi sijawahi kulipa zaidi ya 250, na ukiwa klabu hakuna siku utakunywa bia peke yake, kuna nyama nusu kilo, kuna yule beste simu yake imezima chaji kila bili ikiletwa, kuna boda ya kukurudisha. Nikaona nichukue kreti nzima, chupa 25. Mpango ulikuwa mbili Ijumaa na mbili Jumamosi, inanipeleka wiki sita.

Kreti iliisha siku nne. Jirani wa chini alikuja kuomba chumvi akaiona chini ya sinki, na tangu siku hiyo chumvi yake inaisha kila jioni.

Tupeane uzoefu, unakunywa nini nyumbani, unatengeneza mwenyewe ama unanunua, na ilikuwaje. Story za kuuza sitaki, kuuza bila leseni ni kesi na sitawatembelea huko ndani.

Mzito wa Githurai
Sisi wa kegi mambo ya kreti hatujui. Obama, bia yetu ya kegi, inakuja kwa pipa la lita 50, unaikuta hapo base, haiendi nyumbani. (Vijana wa siku hizi hamjui hata kwa nini inaitwa Obama. Ni Senator, ilitoka 2004, na jamaa alikuwa bado seneta.) Mimi nimeinywa tangu wakati huo. Nakumbuka 2013 walipoigusa na ushuru, jagi ikapanda, base yetu ikabaki na viti na mwenye base, watu wakarudi kwa chang'aa mpaka ushuru ukashushwa tena 2015. Kwa hivyo mkisikia mtu anasema bei haibadilishi tabia, huyo hajawahi kukaa kegi.

Sasa siku moja kuna mechi nikasema leo naangalia kwangu na bibi. Nikajaziwa chupa ya soda ya lita mbili, nikaingia matatu, nikakaa karibu na mama amevaa sare ya kanisa. Tulipopiga tuta la kwanza nikasikia chupa imekuwa ngumu kama jiwe. La pili kifuniko kikaruka. Povu lilipanda mpaka kwa dari, yule mama hakusema kitu, alifungua mkoba akatoa leso akajipanguza uso, akafunga mkoba. Ningependelea anitukane. Na kilichobaki nikifika nyumbani hakikuwa na gesi hata kidogo, ilikuwa kama maji ya kusuuzia sufuria ya uji.

Mama Wawili South B
🤣🤣 pole mzee. Mimi ni waini tu, ile ya boksi ya lita tatu. Watu wanadharau boksi lakini lita tatu ni chupa nne, halafu ndani kuna mfuko unaojikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hivyo nikinywa glasi moja nikishalaza watoto inanikalia mwezi bila kubadilika ladha. Chupa ukishaifungua siku ya nne ya tano hata kama iko kwa friji imeanza kulala.

Aibu yangu ni siku nilitaka kujionyesha. Mashemeji wanakuja, nikaacha boksi nikanunua chupa ya koki, nyekundu, kavu (yaani haina utamu), nilivyosoma kwamba ndiyo inaenda na nyama. Sina kifungulio. Nikasukuma koki ndani na mpini wa mwiko wa ugali, ikaingia na waini ikanirukia blauzi nyeupe. Sawa, nikawamiminia na blauzi ingine. Shemeji mkubwa akaonja, akaweka glasi chini polepole akaniambia, "Mama Njeri, hii yako imeharibika, imekuwa siki." Wote wakaomba soda. Nusu ya chupa niliimalizia kwa mchuzi wa nyama na huo mchuzi waliumaliza, wakauliza nimeweka nini.

Na mniache na waini yangu nyekundu ikiwa baridi. Najua wajuaji wanakataza, lakini wao hawakai ghorofa ya tano chini ya mabati mwezi wa pili.

Omusakhulu Kangemi
Nyinyi mnaongea vitu vya duka. Kwetu Bungoma mwaka wa tohara, yaani kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ikifika Agosti hakuna boma halina kamalwa, yaani busaa. Mimi nikajaribu kuifanya hapa Kangemi 2022 kwa sababu sikupata ruhusa ya kuenda. Unga wa mahindi unaloweka mpaka uchachuke siku kadhaa, halafu unaukaanga kwa mabati juu ya moto mpaka uwe wa kahawia unanukia kama mahindi ya kuchoma, ndio unachanganya na maji na kimea cha wimbi. Hapo kwa kukaanga ndio kulikuwa na shida. Ploti ina vyumba 16 na kila mtu ameanika nguo. Moshi uliingia mashati ya watu, landilodi akapigiwa simu akidhaniwa nyumba inaungua, akakuja na ndoo mbili za maji, akanusa, akauliza itakuwa tayari lini. Siku tatu baadaye alikuwa wa kwanza kwa mrija.

Kijana wa Kahawa West
Niachieni nafasi, mimi ndio nimekula hasara nyingi kuliko nyinyi wote. Napika bia. Si busaa, ni bia ya kimea cha shayiri na hopsi (maua ya kuipa uchungu), ile wazungu wanaita eli. Tofauti yake na hizi laga zetu kama Tusker ni hamira, ya laga inataka baridi na wiki nyingi, ya eli inafanya kazi fiti kwenye joto la 18 mpaka 22, na hilo ndilo joto la keja yangu karibu mwaka mzima bila friji. Nairobi imeumbiwa eli na hakuna mtu anasema.

Mara ya kwanza nilingoja maji yafike 100, kipimajoto kikagoma kwa 94. Nikajua nimeuziwa feki, nikakirudisha dukani nikigomba. Kumbe huku juu, mbali na usawa wa bahari, maji huchemka hapo hapo. Nilirudi kuomba msamaha. Hamira ya bia nayo ilikuwa haijafika, nikatumia ya mandazi, ikachacha vizuri tu lakini ladha ilikuwa ya mkate umesahaulika kwa mfuko.

Mara ya pili ndio mbaya. Ukiweka kwa chupa unaongeza sukari kidogo ijitengenezee gesi, gramu 6 ama 7 kwa kila lita. Sikuwa na mizani, nikapima na kijiko, na kijiko kilikuwa cha supu. Tena sikungoja imalize kuchacha, siku ya tano nikafunga chupa 30 nikazipanga chini ya kitanda. Jumanne usiku saa nane ya kwanza ikapasuka chini yangu. Nikadhani ni stima. Ya pili ikaamsha keateka, ya tatu ploti nzima, tukasimama kwa korido na mablanketi tukihesabu, kuna mtoto alikuwa anahesabu kwa sauti na anafurahia. Zilifika kumi na moja. Godoro lilinuka bia mpaka Krismasi.

Siku hizi nangoja wiki mbili, napima na haidromita, kile kifaa cha kuonyesha sukari iliyobaki, namba ikikaa pahali pamoja siku tatu ndio nafunga. Na kitu chochote kinachogusa bia ikishapoa nakisafisha na dawa ya kuua viini kwanza. Hopsi ni za kutoka nje, hapo ndio pesa inaenda, ila lita 20 zinanipa chupa kama 38 na ziko tamu kuliko kitu ninachoweza kumudu klabu.

Pita Njia
Swali la woga, hizi vitu za nyumbani hazina ile sumu ya kupofusha watu?

Kijana wa Kahawa West
Ile ya Mei 2014 iliyoua watu huko Embu na kwingine ilikuwa methanoli, spiriti ya viwandani, mtu aliichanganya ili auze haraka. Bia, busaa, waini ukichachusha mwenyewe haifiki huko. Ogopa ile hujui imetoka wapi.

Wa Guka Murang'a
Mimi ni muratina, pombe ya asali ya Wakikuyu. Guka aliponipa ile miti yake (mnajua, yale matunda marefu kama soseji, yanakatwa yanakaushwa) aliniambia haya ni ya siku nyingi, yalitumika kwa ruracio (sherehe ya mahari) ya babako, unaweka kwa maji ya asali na sukari, unafunika pahali pa joto, basi. Nikaleta Zimmerman. Yalikuwa meusi yananuka kidogo, na mimi nimesoma, nikayasugua na sabuni ya unga, nikayamwagia maji moto, nikayaanika kwa balkoni yakang'aa kabisa. Siku tatu nikafunua, ni maji ya asali matamu. Wiki, bado. Sijamwambia guka mpaka leo, akinipigia naulizwa "njohi inaendeleaje", yaani pombe, nasema iko poa.

Kijana wa Kahawa West
Uliosha hamira yote 😭 ndio ilikuwa inaishi mle ndani, miaka yote hiyo ilikuwa inahama mtungi mpaka mtungi. Yangu pia iko hivyo, mashapo ya chini ya ndoo nayaweka kwa chupa ya jem kwa friji ya jirani, naitumia tena. Nikikupa kidogo uweke na hiyo miti pengine inaamka, ingawa haitakuwa ile ya guka.

Wa Guka Murang'a
Nipe tu. Ataonja Desemba, na yeye hadanganyiki kwa hayo mambo, lakini heri alalamike ladha kuliko nimwambie nilisugua.

Kijana wa Kahawa West
Jumamosi stage ya Kahawa West saa nane. Kifuniko usikaze ukiwa kwa matatu. Muulize Mzito wa Githurai.

MtuWaUmoja
Na mimi niko hapo, nataka kuonja hiyo eli. Nikuje na nini?

Kijana wa Kahawa West
Chumvi.