PRP ya goti, hii sindano ya damu yako mwenyewe: kuna aliyepona kweli?

tofali_mojamoja:
Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, goti la kulia linamtesa mwaka wa tatu sasa, akiinuka kwenye mkeka lazima ashike ukuta na ngazi ndo kabisa, anashuka kinyumenyume kama anashuka mnazi. Eksirei inaonyesha goti limesagika, wakasema gredi ya tatu. Diklofenaki amemeza mpaka vidonda vya tumbo vimeamka. Sasa kuna kliniki moja ya binafsi wametuambia dawa ni PRP, yani wanamtoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine halafu ile ya njanonjano wanamchoma nayo gotini, laki 4 sindano moja na anatakiwa achome tatu, bima haigusi. Dokta anasema gegedu, ile laini inayofunika ncha za mifupa gotini, litaota upya. Mimi hapa nanyanyua kibanda tofali mojamoja, milioni na laki 2 si hela ya kuchezea. Aliyefanya aniambie ukweli.

roller_na_brashi:
Mi fundi rangi. Kiwiko kiliniuma karibu mwaka, hata kikombe cha chai nanyanyua kwa mkono wa kushoto. Nilichomwa PRP mara moja tu, na nisikudanganye, siku nne za kwanza niliona bora ningebaki na maumivu yangu ya zamani. Baada ya miezi mitatu hivi nikarudi kwenye roller. Ila miezi hiyo yote sikupaka ukuta hata mmoja na fizio alikuwa ananinyoosha kila wiki, kwahiyo kilichoniponya sijui ni sindano au ni kupumzika. Halafu walinikataza diklofenaki na ibuprofeni kabla na baada, eti zinazilemaza zile chembe za damu wanazokuchoma.

Bi_Shamsa:
Mimi nilichoma zote tatu goti la kushoto. Hola. Pesa ya kikoba ilienda.

fizio_wa_zamu:
@tofali_mojamoja pole kwa mama. Hiyo njano ni plazma iliyojaa chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata. Zina protini zinazoita ukarabati kwenye kidonda, ndo watu wakawaza tukizirundika sehemu moja si patapona haraka? Wazo zuri tu, shida ni vipimo. Australia walichukua watu 288 wenye magoti yaliyosagika gredi ya pili na ya tatu, yani kama mama yako kabisa, nusu wakachomwa PRP na nusu maji ya chumvi, sindano tatu kila mmoja, wiki kwa wiki, na hakuna aliyejua kachomwa nini. Majibu yakatoka 2021: baada ya mwaka maumivu yalipungua pande zote mbili karibu sawasawa, na gegedu likaendelea kupungua pande zote mbili. Hakuna cha kuota. Wapo wanaotetea kwamba zipo tafiti ndogo zenye majibu mazuri na kwamba kila kliniki inatengeneza yake, moja chembe nyingi nyingine chache, hilo kweli na ndo linavuruga mambo. Ila anayekuambia gegedu linaota upya muulize ameliona wapi.

mzee_wa_takwimu:
Sasa mbona Nadal wa tenisi alichomwa magoti 2010 na akaendelea kubeba makombe? Tiger Woods wa gofu je? Msikatishe watu tamaa bana

fizio_wa_zamu:
Nadal alikuwa kijana wa ishirini na kitu na shida yake kano, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, sio goti lililosagika la mtu wa 61. Na ana timu nzima ya kumfanyisha mazoezi kila siku ya Mungu. Hata kwenye kano majibu hayaeleweki, ile ya kisigino walishaipima PRP na maji ya chumvi wakaona mulemule.

Kwa mama ningeanza hivi: diklofenaki ya kupaka badala ya kumeza, kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu (kiti kirefu kwanza), kupunguza kilo kama zipo za kupunguza, na fimbo. Goti bovu ni la kulia, fimbo ashike mkono wa KUSHOTO, wengi wanakosea hapo. Mpe miezi mitatu. Mkiamua kuchoma bado ni uamuzi wenu, ila hakikisheni anayechoma anaona anapochoma kwa ultrasaundi na vifaa vinafunguliwa mbele yenu, maana sindano chafu ndani ya goti ni balaa.

tofali_mojamoja:
Shukrani sana wakuu. Leo nimepiga simu kliniki nikauliza hilo gegedu linaotaje, dada wa mapokezi akaniambia basi nitafanyiwa laki 3 na nusu 😂. Mazoezi ya kiti ameanza juzi, kumi asubuhi kumi jioni huku ananilaani. Fimbo kaisusa, anasema wenzake wa kikoba watamwona kizee. Nimemnunulia mwavuli mrefu, ndo anatembelea huo, jua liwake lisiwake.

Bi_Shamsa:
Mwavuli wa rangi gani? Nami nautaka.