Mjadala: Uafrika Mashariki wetu uko wapi hasa?

Mtoto wa Ngarenaro: Wakuu, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa Arusha, misafara inatufungia barabara, lakini juzi kijiweni niliwaomba watu saba waniimbie wimbo wa Jumuiya, ule wa 2010. Mzee mmoja alijua jina lake tu, akaagiza kahawa nyingine. Bendera ipo, nembo ipo, nchi zimeshafika 8 tangu Somalia ilipoingia 2024. Watatu wa mwanzo tu hatujazoeana! Mimi naona tunavalishwa koti lililoshonwa bila kipimo. Mnasemaje?

Mama Kitunguu: Mdogo wangu, umeulizia kijiweni, ungekuja Holili, huku mpakani na Kenya. Siku yangu ya kwanza soko la Taveta niliambiwa "mia mbili tu, dada", nikadhani nimeokota dodo. Kumbe ya Kenya, karibu elfu nne zetu! Siku hizi napiga hesabu za pesa mbili huku napima vitunguu. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, na mama yangu akawa anapita njia za panya kwenda kumwona dada yake aliyeolewa kwa Wataveta. Serikali ndizo zilinuniana. Wao walikuwa wanapelekeana ndizi.

Kijana wa Majengo, Moshi: Shikamoo mama. Huo mimi nauita ujirani, na ujirani una mwisho wake. Julai 2025 serikali yetu ilipokataza wageni kufanya biashara ndogo 15, saluni na ufundi simu zikiwemo, Wakenya walilalamika kwamba makubaliano ya Soko la Pamoja la Jumuiya yamevunjwa. Hapa mtaani tulishangilia. Nami nilishangilia, sifichi, mitaji yetu midogo. Wiki hiyo hiyo kioo cha simu yangu kikapasuka, nikaenda kwa yule fundi wangu Mkenya, nikakuta kibanda kina kufuli.

Mtoto wa Ngarenaro: Kwa hiyo ulitaka aondoke au abaki?

Kijana wa Majengo, Moshi: Nilitaka waondoke wengine.

Mama Kitunguu: Marahaba mwanangu. Huyo fundi mrefu mwenye kofia ya Gor Mahia? Mbona yuko Taveta, karibu na stendi. Nipe hiyo simu Jumatano nikupelekee. Ila atakutajia bei ya Kenya.