Mrejesho: mdogo wangu aliyepitia kituo cha kurekebisha tabia Utah

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kuhusu mdogo wangu, ambaye akiwa na miaka 15 alipelekwa katika kituo cha bweni cha kurekebisha tabia huko Utah, Marekani, na ambaye hadi leo, akiwa mtu mzima, huomba ruhusa kabla ya kufungua friji au kwenda msalani.

Kama mlivyoshauri, tumempatia mshauri nasaha mwenye uzoefu wa majeraha ya kisaikolojia. Usingizi umeanza kumrudia, ingawa akisikia hatua za mtu koridoni usiku bado huketi kitandani na kuvaa viatu, kwa kuwa alichukuliwa usiku wa manane na wanaume wawili waliolipwa kwa kazi hiyo. Baba amemwomba radhi; yeye hajajibu, na hakuna anayestahili kumharakisha.

Kilichompa nguvu ni kujua kwamba hakuwa peke yake, maana Paris Hilton, mtu mashuhuri wa Marekani ambaye naye alipelekwa kituo kama hicho akiwa kijana, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Utah mwaka 2021, na jimbo likapitisha sheria ya kuvidhibiti vituo hivyo. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, iliyosainiwa Desemba 2024 inaagiza utafiti kuhusu vituo hivyo zaidi kuliko adhabu, jambo ambalo kwangu halitoshi kabisa. Nawashukuru sana, matibabu yanaendelea.