Corsair, Hellcat au Sea Fury: nichukue modeli ipi?

Mtoto wa Bandarini
Wakuu, heshima kwenu. Binamu yangu anarudi kutoka Uingereza, amekubali kunibebea boksi moja la modeli ya plastiki. Nataka ndege ya kivita ya melini, zile zinazoruka na kutua kwenye deki ya meli, za Vita vya Pili vya Dunia mpaka vita vya Korea. Nimebaki na hizo tatu. Nijibuni chap, Jumamosi anaingia dukani.

FundiGundi
Mkuu umeuliza nusu. Kipimo gani, 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) au 1/48? Bajeti? Una brashi tu au mashine ya kupulizia? Bila hayo tutakupigia ramli.

Kipanga
Corsair, funga mjadala. Lile bawa lililopinda si urembo. Propela ilizidi mita 4 kwa kipenyo; bawa lingenyooka, miguu ingekuwa mirefu kama ya korongo na ingekatikia dekini.

Bi Tanga
Sura haipigani vita, Kipanga. Pua ndefu vile, rubani anakuja kutua haoni deki. Ikigusa chini inadunda. Ndiyo maana jeshi la majini la Marekani mwanzoni liliwapa Corsair askari wa kikosi cha Marine wairushie nchi kavu. Kazi ilifanywa na Hellcat: zilijengwa zaidi ya 12,000, na marubani wake walihesabiwa kutungua zaidi ya ndege 5,000. Halafu mabawa yake yanazunguka na kulala ubavuni, hata kwenye rafu haili nafasi.

Kipanga
Dada, Waingereza walikuwa wakirusha Corsair melini Aprili 1944, waliposhambulia Sabang, Sumatra, kutoka meli yao ya kubeba ndege, HMS Illustrious. Walikata ncha za mabawa, kama sentimita 20 kila upande, ili yakikunjwa juu yaenee kwenye banda la chini ya deki. Na kutua walikuja kwa kukata kona, deki inaonekana karibu mpaka mwisho. Ndege haikuwa na shida.

Mzee Kilindini
Illustrious hiyo hiyo, Mei 1942, ilirusha Swordfish, ndege za mabawa mawili ya juu na chini, kwenye mapigano ya Diego Suarez, Madagaska. Mwaka huo manowari za Waingereza zilihamia hapa Kilindini baada ya Wajapani kuwatimua Ceylon (Sri Lanka ya leo). Vijana mnaacha historia ya mlangoni kwenu. Nunua Swordfish.

Mtoto wa Bandarini
Shikamoo mzee, ila Swordfish haimo kwenye orodha, na zile nyaya za kati ya mabawa siziwezi. Rafu yangu ndogo. Nina brashi.

FundiGundi
Bado hujasema bajeti. Sikiliza yaliyonikuta. Nilinunua Corsair mtandaoni, muuzaji akaniapia boksi halijafunguliwa. Kweli halikufunguliwa, ila lilikuwa limeozea stoo miaka. Nikaunganisha, nikapaka buluu, safi kabisa. Nafika kwenye stika, natumbukiza nyota ya kwanza kwenye bakuli la maji, inamegeka vipande na kuelea. Ya pili vilevile. Nyeupe yote imekuwa manjano. Nampigia, ananiambia mzigo ukishafunguliwa haurudi. Ndege ipo kabatini haina nyota wala namba, wageni wanauliza ni ya nchi gani. Mwambie binamu aangalie boksi ni la mwaka gani kwanza.

Jeti_Baadaye
Mbona hakuna anayeitetea Sea Fury? Agosti 9, 1952, Korea, Sea Fury nne za meli ya Waingereza HMS Ocean zilikutana na MiG-15 nane, jeti za Kisovieti, MiG moja ikaanguka. Propela imeangusha jeti! Carmichael, kiongozi wao, ndiye aliyeandikiwa kuiangusha.

Bi Tanga
Aliandikiwa yeye, lakini wote wanne walifyatua. Ubishi wa nani aliipiga haujaisha.

Jeti_Baadaye
Rekodi ni rekodi, bibie.

Kipanga
Corsair nayo iliangusha MiG Korea, mwaka huo huo. Tena mwaka 1969 Honduras na El Salvador bado walikuwa wanapigana nazo.

FundiGundi
Na binamu asibebe gundi wala rangi za mafuta, vinashika moto, watamnyang'anya uwanja wa ndege.

Mtoto wa Bandarini
Kumbe! Sasa gundi ya modeli hapa Dar naipata wapi? Kariakoo naonyeshwa ya viatu tu.

Jeti_Baadaye
Njoo PM (ujumbe wa faragha).