Ukoo wa Mtambwe: palizi ya Jumamosi

Alhamisi

Shangazi Time 19:52
Assalaamu alaykum jamaa. Jumamosi palizi ya mikarafuu, kama tulivyokubaliana siku ya hitma. Nnataka majina kabla ya isha. Masika haya majani yamefika magotini na chuma ya karafuu iko njiani.

Shangazi Time 20:01
Watu 23 humu. Alama za kusoma nnaziona.

Mwanaisha 20:06
Waalaykum salaam shangazi. Mie nnakuja nikitoka zamu ya usiku.

Kombo 20:09
Nimo. Nnakuja na punda, abebe maji na mapanga. Kurudi nnampanda mwenyewe.

Shangazi Time 20:12
Ahsante Kombo. Sasa lisikike hili. Kupe. Yaliyomkuta Rukia mwaka jana sitaki yarudi. Kila anayekuja avae suruali ndefu, ncha za suruali aziingize ndani ya soksi. Wanawake suruali ndani ya dera. Nguo nyeupe au ya rangi ya maziwa, kupe aonekane anapotembea. Ndara hapana, raba au mabuti.

Salim Muscat 20:13
Soksi juu ya suruali 😂😂 Kombo watu watasema umesajiliwa Ligi Kuu

Kombo 20:14
Na punda anataka jozi mbili

Salim Muscat 20:14
Punda mpe na jezi kabisa, namba 10

Kombo 20:15
😂😂😂

Shangazi Time 20:19
Nyie hamkukaa na yule mtoto siku sita. Mie nilikaa. Kapimwa malaria mara mbili, hakuna. Homa haishuki, kichwa analia nacho. Nilipokuwa namkosha ndio nikaona nyuma ya goti kidonda cheusi kama kaunguzwa na kaa. Mpaka hapo hakuna aliyeuliza habari ya kupe, na mie mwenyewe sikuuliza. Alipopewa dawa inayostahiki, siku ya tatu akaniomba uji.

Mwanaisha 20:24
Kweli shangazi. Jamani kupe haruki wala hachupi. Anapanda jani, anakaa nchani, miguu ya mbele kainyoosha, anangoja mguu upite. Akidaka soksi inabidi atembee juu ya nguo, unamuona unamtoa. Akidaka muundi mtupu hujui. Wale wachanga wa miguu sita ni wadogo kuliko chembe ya ufuta.

Bi Mize 20:27
Sie zamani tulilala nao chini ya vitanda

Mwanaisha 20:28
Wale papasi, bi mkubwa. Wanakaa kwenye nyufa za nyumba za udongo, wanauma usiku wakarudi ufani. Na wao wana homa yao. Huyu wa majani akishika anakaa siku kadhaa.

Bi Mize 20:35
Haya mwanangu

Kombo 20:38
Dawa mie ninayo. Ile ya Hamadi ya kupulizia ng'ombe imebaki nusu chupa. Nnampiga punda, na miguu yangu hapo hapo, kazi kwisha.

Mwanaisha 20:38
KOMBO HAPANA

Mwanaisha 20:40
Soma chupa, imeandikwa amitrazi. Ya ng'ombe hiyo. Mtu hajipaki. Na punda ndio kabisa haimfai, inamfunga matumbo, anaweza kufa nayo. Muulize daktari wa mifugo dawa ya punda. Kwa Jumamosi mkague kwa mkono: ndani ya masikio, chini ya manyoya ya shingo, chini ya mkia, katikati ya mapaja. Na gunia unalomtandika likung'ute, ulianike jua kali. Unalikalia hilo.

Kombo 20:46
Nilishampiga nayo mwezi uliopita

Kombo 20:46
Siku mbili hakula. Nikasema kachoka

Mwanaisha 20:47
Hakuchoka, Kombo.

Kombo 20:52
Nnaimwaga

Mwanaisha 20:53
Usiimwage mtoni! Mrudishie Hamadi.

Shangazi Time 20:55
Mwanaisha waambie dawa ya watu.

Mwanaisha 20:58
Zipo mbili musizichanganye. Ya kujipaka mwilini ni yenye DEET, tazameni kwenye kichupa. Mikono, shingo, vifundo vya miguu. Macho na midomo hapana. Ya pili ni permethrini, hiyo ya nguo, ni ukoo mmoja na dawa ya vyandarua. Nguo unainyunyizia leo, inakauka, kesho ndio unavaa. Ngozini haipakwi.

Shangazi Time 20:59
Nani anakwenda mjini Chake kesho akanunue?

Shangazi Time 21:07
Nauliza tena. Nani anakwenda Chake kesho.

Salim Muscat 21:08
Pesa nnatuma mie. Ila zamani tulimchoma kwa sigara, anatoka mwenyewe kaomba radhi 😂

Mwanaisha 21:10
Pesa tuma, ahsante. Sigara wacha. Wala mafuta ya taa, wala ya nazi. Ukimchokoza anaweza kutapika ndani ya kidonda. Unachukua kibano, unamshika kichwani karibu kabisa na ngozi, unamvuta wima, taratibu, bila kumsokota. Tumbo usilibinye. Kisha sabuni na maji, na yeye usimpasue kwa kucha.

Hamadi 21:15
Nimekuwa nikisoma tu. Kupe wako Mtambwe nzima. Lakini nikiona "yaliyomkuta Rukia" nafahamu nnaambiwa nani.

Shangazi Time 21:16
Jina lako nimelitaja mimi?

Hamadi 21:16
Hukulitaja. Hujawahi kulitaja.

Shangazi Time 21:20
Basi nalitaja leo, mdogo wangu. Ng'ombe wako watatu wamefungwa chini ya mikarafuu tangu vuli. Ng'ombe ndiye anayemlisha kupe. Jike akishiba anaanguka pale pale anataga, mayai maelfu, na sisi ndio tunaopita na watoto.

Hamadi 21:22
Na gunia za karafuu zikitoka shamba zinapanda gari ya ng'ombe ya nani? Hapo ng'ombe wazuri.

Salim Muscat 21:23
Jamani taratibu. Mnamjua yule kupe aliyekwenda harusini

Zuhura Mama Rukia 21:23
Salim nyamaza.

Hamadi 21:27
Ndama alipokufa mulisema Hamadi kamuua kwa uvivu. Daktari kasema ndigana kali, ya kupe wa masikio. Mie nilileta habari hapa hapa, kikundi hiki hiki, nikaomba mchango wa dawa ya kupulizia kabla hajafa. Mtu mmoja alitoa. Namjua na Mungu anamjua.

Shangazi Time 21:29
Wakati ule mie nilikuwa nauguza.

Hamadi 21:29
Sikusema wewe.

Zuhura Mama Rukia 21:33
Habari ya ndama tuiwache. Mwanangu haendi Jumamosi, na soksi na bila soksi.

Shangazi Time 21:34
Zuhura, atakaa na mie upande wa njia, majani hatagusa.

Zuhura Mama Rukia 21:34
Shangazi nimeshasema.

Babu Faki 21:49
🎤 Ujumbe wa sauti (1:26)

Kombo 21:51
Bando limekwisha sauti haifunguki. Kasemaje?

Mwanaisha 21:58
Naandika kama alivyosema:

"Nimesomewa yote. Mikarafuu ile baba yangu kaipanda kwa mkono wake. Alikuwa na ng'ombe yeye, na kizizi kilikuwa kule kando ya njia, hata siku moja hakumfunga mnyama chini ya mkarafuu. Hamadi, uwatoe. Huwatoi kwa sababu Time kasema, unawatoa kwa sababu mimi nimesema. Na walioombwa mchango wakanyamaza, mtoto alipougua wakapata mdomo, nao nimewasikia leo. Dawa ya wale ng'ombe itatoka kwenye karafuu za shamba, kabla watu hawajagawana. Watoto wa skuli hawendi Jumamosi. Basi."

Hamadi 22:04
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Time 22:31
Tumesikia Ami. Shikamoo.

Ijumaa

Shangazi Time 06:14
Asubuhi njema. Bila watoto tumebaki saba, shamba zima hatulimalizi. Tufanye upande wa njia mpaka kisimani. Wenye mapanga watangulie wafyeke njia pana, wengine wafuate katikati, hakuna kujipitisha pembeni kwenye majani marefu. Chakula tunakula barazani kwa Bi Mize, si chini ya mti.

Bi Mize 06:40
Karibuni. Nna muhogo

Mwanaisha 07:20
Na mkirudi musiseme "nitakoga jioni". Mkifika tu, kogeni na mjikague: nyuma ya magoti, kinenani, kiunoni penye mkanda, kwapani, nyuma ya masikio, nyweleni. Nguo maji moto, au jua kali kisha pasi. Ndani ya wiki mbili homa ikikushika, ukiingia kwa daktari neno la kwanza mwambie niliumwa na kupe. Usingoje aulize. Dawa ipo na si ghali, ni doksisaiklini, lakini atoe yeye.

Shangazi Time 07:22
Hilo kila mtu alisome mara mbili. Lingejulikana mwaka jana mtoto asingekaa siku sita.

Kombo 12:50
Punda nimemkagua. Masikioni 9, chini ya mkia sikuhesabu. Nimewatoa kwa kibano cha mke wangu, sasa anataka kipya

Salim Muscat 12:58
Nimetuma pesa. Kibano cha shemeji kimo humo.

Shangazi Time 13:05
Allah akubariki. Imeingia kwa nani?

Shangazi Time 15:40
Salim, imeingia kwa nani? Chake hajakwenda mtu bado.

Hamadi 21:46
Ng'ombe wawili nimewahamisha wakati wa magharibi, wako kwa rafiki yangu. Yule mkubwa kesho alfajiri. Ila gari Jumamosi haitokuwepo.

Shangazi Time 21:48
Hamadi, gari na hayo mengine ni vitu mbali mbali.

Shangazi Time 21:53
Maji ya watu saba punda mmoja hatoweza.

Shangazi Time 22:10
Hamadi mdogo wangu, ule mwaka wa ndama nilikusikia. Nilikuwa na elfu kumi ndani ya nyumba na mgonjwa. Njoo kesho mapema, gari uje nayo au usije nayo. Soksi zako nimeziweka.

Zuhura Mama Rukia 22:37
Rukia anauliza kama babu kasema na yeye, maana yeye bado yuko chekechea