Yani mratibu wa safari ananiambia gesi yangu ni ya maharage, mbele ya boti nzima!!

Wakuu nina hasira hata chai haipiti. Nimeshuka Songwe sasa hivi, nawasha simu nakuta yule mratibu wetu (watu wa Mbeya mnamjua, yule wa pama anayechangisha watu hela za safari kila sikukuu) kaandika kwenye grupu "mzee wa maharage kafika?" na grupu zima vicheko.

Iko hivi, tulienda Mafia kuzamia kwenye matumbawe ghuba ya Chole. Siku za mwanzo raha tupu, nimemwona pweza kajibana kwenye tumbawe ana rangi ya kahawia, nasogeza mkono tu kageuka madoadoa meupe, sijaona kitu kama kile tangu nizaliwe Tukuyu. Sasa siku ya kuondoka jamaa anasema asubuhi tunazamia tena, mchana ndege, jioni tuko Mbeya. Nikamuuliza kwa adabu, kaka, si tuliambiwa ukizamia mfululizo usipande ndege mpaka yapite angalau masaa 18? Kule chini presha inasukuma naitrojeni kwenye damu, ukienda juu mapema inatoka mapovu kama soda iliyotikiswa, na sisi hata tukishuka kwenye ndege bado tuko mita kama 1,700, Mbeya sio Tanga! Akajibu, MBELE YA BOTI NZIMA: "Gesi uliyonayo wewe ni ya maharage." Watu walicheka mpaka nahodha kaachia usukani, nadhani hata kasa walisikia.

Ya maharage! Mimi! Na shemeji yangu kakaa pembeni! Mtu anaweza kupooza miguu kwa yale mapovu, yeye anakuletea maharage. Nikabaki botini, nikalala Dar kwa hela yangu, usiku kucha nasikia maharage, maharage.

Mzee wa Uyole: Pole sana mkuu. Swali moja tu, asubuhi ile ulikula nini?

Mama Kyela: Huyo huyo alitupeleka Matema, akasema hoteli iko ufukweni, tulitembea na mabegi kichwani mpaka magoti yakalia.

Kitonga Siwezi: Nyie mna ndege mnalia?? Mimi jana nimelala Kitonga, lori limekata barabara, baridi ile, mtoto analia, konda kazima simu.

Mleta uzi: Jamani tusitoke kwenye mada. MBELE YA SHEMEJI.

Mzee wa Uyole: Kitonga afadhali, njoo Tunduma uone foleni ya malori.

Mama Kyela: Na hawa wanaouza mchele wa wapi sijui wanauita wa Kyela nani atawasemea? Leo nimenunua Mwanjelwa, kufika nyumbani nusu chenga.

Kitonga Siwezi: Kilo shilingi ngapi huko Mwanjelwa kwa sasa?